Sura ya Kumi na Moja: Hewa Haikuhojiwa

Ilipofika saa mbili na nusu asubuhi, Mrakibu Gaudence alikuwa ameshaifunga kesi kwa peni na rula.

“Soma mwenyewe,” alisema, akimsukumia Mkaguzi Deodata karatasi juu ya meza. “Nilipata B ya Fizikia, wewe. Usinione hivi.”

Kwenye karatasi alikuwa amechora bonde la mpunga la Rwakabanga. Kulia, dungu la Kazimili, lile jukwaa la miti ambalo mlinda ndege husimama juu yake na kombeo mkononi. Kushoto, msalaba mdogo. Hapo ndipo alipoangukia Juvenali, Jumatano alasiri, baada ya donge la udongo mkavu kumpiga kwenye panja, kati ya jicho na sikio. Alikata roho kabla machela haijafika barabarani. Baina ya dungu na msalaba, mita mia moja thelathini na nane. Karibu na msalaba kulikuwa na duara lenye neno “shahidi”: kichuguu alikosimama Wiston, jirani wa marehemu, ambaye maelezo yake yalikuwa uti wa mgongo wa jalada zima.

“Kombeo zuri linarusha mita arobaini kwa sekunde,” Gaudence alisema. “Zidisha arobaini kwa arobaini, gawa kwa mvutano wa dunia. Mita mia moja sitini na tatu. Linafika, na chenji inabaki.”

“Kombeo la nani, afande?”

“La yeyote.”

“Na hiyo arobaini imetoka wapi?”

Gaudence alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. “Deodata. Kazimili amekiri kwamba siku hiyo alikuwa anarusha. Wiki mbili nyuma ng’ombe wake waliingia kwenye mpunga wa marehemu, wakatukanana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Wiston ameona kwa macho yake. Gari la kumpeleka mahakamani linafika saa tisa, na mauaji hayana dhamana. Unataka nini tena?”

“Mpaka saa nane.”

“Ufanye nini?”

“Niipime karatasi hii.”

“Karatasi haipimwi. Inasomwa.” Lakini alitikisa kichwa kukubali, maana katika miaka sita hakuwahi kumnyima Deodata saa chache akajisifu baadaye.

Nje, kwenye benchi la wageni, alikaa Kwandu, mke wa Kazimili, na kiroba miguuni. Alipomwona Deodata aliinuka.

“Za asubuhi, afande. Wenzako walichukua madonge mawili wakasema ni ushahidi. Nimeleta yote yaliyobaki. Hayana cha kuficha.”

Deodata alifungua kiroba. Yalikuwa madonge sitini au zaidi, meusi, makavu, na yote yamelingana kama mayai ya kuku mmoja. Katika bonde lile hakuna mawe, na hata yangekuwepo, hakuna mkulima ambaye angeyarusha kwenye mpunga aje kuvunjia jembe msimu ujao. Ndiyo sababu walinda ndege wa huko hufinyanga udongo wa mbugani, hukausha kivulini, hurusha. Donge likitua hupasuka na kurudi kuwa shamba.

“Unayalinganishaje hivi?”

“Kila moja nalizungusha ndani ya kata hii.” Kwandu alitoa kibuyu kidogo kilichokatwa nusu, ndani kimelainika kwa kazi. “Donge kubwa leo, dogo kesho, mkono unapotea. Mlinda ndege anazoea uzito mmoja.” Akamtazama Deodata usoni. “Kulusha anajua, afande. Kuua hajui.”

“Nipe kiroba.”

Mwalimu Methusela alifundisha Fizikia katika sekondari ya kata, umbali wa kilometa mbili kwa barabara ya vumbi jekundu. Alikuwa mtu mwembamba wa Nyamiaga, na kompyuta yake ya mapajani ilikosa vitufe viwili, lakini hakuwahi kukosa la kusema. Deodata alimkuta chumba cha walimu akisahihisha madaftari.

“Mwalimu, una ile Ekseli humo?”

“Lahajedwali,” Methusela alisema bila kuinua kichwa. “Tuna neno letu zuri, mkaguzi. Tusiliache lifie kwenye kamusi.”

“Lahajedwali. Linaweza kurusha donge?”

Hapo aliinua kichwa.

Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaisoma karatasi ya Gaudence, akacheka kimya kimya mabega yakitikisika. “Hesabu hii ni sahihi kabisa,” alisema. “Kwa mtu anayeishi mwezini.”

“Maana yake nini?”

“Maana yake tupime kwanza, tucheke baadaye. Nataka vitu vinne: uzito wa donge, unene wake, kasi linapotoka kwenye kombeo, na mrushaji mwenyewe.”

Mizani ya maabara ilitoa jibu la kwanza: madonge kumi, jepesi kuliko yote gramu hamsini na saba, zito kuliko yote hamsini na tisa. Unene, sentimeta nne. Methusela alipiga mluzi. “Huyu mama angefundisha maabara.”

Saa nne na robo, gari la polisi lilimshusha Kazimili kwenye uwanja wa mpira wa shule. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vumbi la mahabusu kwenye nywele. Konstebo Nkeshimana alimfungua pingu. Darasa zima la kidato cha tatu lilikuwa limeshahamia madirishani.

“Warudishwe kwenye viti?” Nkeshimana aliuliza.

“Waache,” alisema Methusela. “Hicho ndicho kipindi chao.”

Walisimika miti miwili, mita tano kutoka mmoja hadi mwingine, mbele ya tuta la udongo nyuma ya goli. Simu ya Nkeshimana ilikuwa na uwezo wa kupiga picha mia moja ishirini kwa sekunde moja. Kazimili angerusha donge lipite mbele ya miti yote miwili na kujikita kwenye tuta. Kisha wangehesabu picha.

“Nirushe kwa nguvu gani?” Kazimili aliuliza.

“Kama kwelea wamekujia shambani,” Deodata alijibu, “na watoto wako hawajala.”

Kombeo lilizunguka mara moja, mara mbili. Kamba ililia. Donge likapita na kupasukia kwenye tuta, na madirisha yakashangilia. Alirusha kumi. Nkeshimana aliinamia simu, akisukuma picha moja moja kwa kidole gumba.

“Kumi na saba. Kumi na saba. Hili kumi na nane. Hili kumi na sita, afande, ndilo la kasi kuliko yote.”

“Chukua hilo la kasi,” Deodata alisema. “Asije mtu akasema tumembeba.”

Mita tano kwa picha kumi na sita. Methusela alibonyeza, akasema, “Mita thelathini na saba na nusu kwa sekunde.” Wakaingia darasani, wakaiweka kompyuta kwenye meza ya mbele, na kidato cha tatu wakaizunguka kama nyuki.

“Tazama, mkaguzi. Kila mstari hapa ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Mstari wa kwanza nauambia: donge ndiyo kwanza linatoka, kasi yake hii, pembe yake nyuzi arobaini na tano. Mstari wa pili unauliza wa kwanza, umeniachia nini? Unapunguza kidogo kwa sababu dunia inavuta, unalisogeza donge mbele, unaupokeza wa tatu. Mimi naandika kanuni mara moja. Mistari inarithishana yenyewe.”

Alivuta kidole chini, na namba zikamwagika kama mpunga kwenye jamvi. Kando yake mchoro ulijikunja: upinde uliolingana pande zote, kupanda sawa na kushuka.

“Linatua wapi?”

Methusela alisita kidogo. “Mia moja arobaini na tatu.”

Kazimili alikuwa amesimama mlangoni na Nkeshimana. Alilisikia. Akaangalia mikono yake.

Mrakibu Gaudence naye alikuwa amefika, maana habari za uwanjani zilikuwa zimeshamkuta mezani kwake. Aliingia akiwa ameshatabasamu.

“Mia moja arobaini na tatu! Na marehemu alikuwa mia moja thelathini na nane. Niliwaambia. Kompyuta imekwenda shule niliyokwenda mimi.” Akampiga Deodata begani. “Usione haya, mkaguzi. Umefanya kazi nzuri. Umenithibitisha.”

“Mwalimu,” Deodata alisema, “ulicheka asubuhi. Ulikuwa unacheka nini?”

“Nilikuwa nacheka kwamba kuna mmoja aliyekuwepo Jumatano, na hakuna aliyemhoji.” Methusela alipunga kiganja mbele ya uso wake, upesi, upepo ukampiga Gaudence. “Huyu. Hewa. Katika jedwali hili la kwanza donge linaruka mahali pasipo na kitu. Sasa naongeza safu mbili.”

Aliandika huku akisema, na kidato cha tatu walimjibu kwa pamoja kama wako kanisani.

“Hewa ni mpole kwa nani?”

“Kwa anayekwenda taratibu!”

“Ni jeuri kwa nani?”

“Kwa mwenye haraka!”

“Nikizidisha kasi mara mbili?”

“Inazuia mara nne!”

Akaingiza uzito wa donge, unene wake, namba ya umbo la mviringo, na uzito wa hewa ya nyanda za juu, ambayo ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani. Mistari ilijipanga upya. Safari hii mchoro haukuwa upinde. Ulipanda vizuri, kisha ukachoka, ukajikunja, ukashuka wima kama mtu aliyekumbuka chungu motoni.

“Tisini na moja,” Methusela alisoma.

“Tisini na moja nini?” Gaudence aliuliza, ingawa alisikia.

“Mita, afande. Kutoka hapo linapotua mpaka kwa Juvenali bado kuna arobaini na saba. Donge lingetua kwenye mpunga, likamwacha marehemu akipalilia.”

“Umeweka namba za kumwokoa.”

“Inawezekana,” Deodata alisema kabla mwalimu hajakasirika. “Ndiyo maana tutaliuliza donge lenyewe. Mwalimu, andika hiyo tisini na moja ubaoni, wote waione, usiifute. Nkeshimana, chukua utepe.”

Walirudi uwanjani. Safari hii Kazimili alisimama kwenye mstari wa goli na kurusha juu, kuelekea goli la pili, huku Methusela akimshikia ubao wa pembe ili ajue nyuzi arobaini na tano ziko wapi. Donge la kwanza lilipanda mpaka likawa kama nzi, likaanguka karibu wima, puu. Nkeshimana alikimbia na utepe.

“Themanini na tisa!”

La pili: “Tisini na mbili!”

La tatu: “Tisini, afande! Tisini kamili!”

Madirishani ilikuwa sherehe. Deodata hakushangilia. Alikuwa akimtazama Gaudence, na Gaudence alikuwa akimtazama Kazimili.

“Anarusha kivivu,” Gaudence alisema. “Anajua anapimwa. Mimi ningekuwa yeye ningerusha kama bibi harusi.”

“Afande, jaribu wewe.”

“Mimi?”

“Wewe si mvivu.”

Gaudence alivua koti. Alipokea kombeo, akaweka donge, akazungusha kwa hasira mara tano, akaachia. Donge liliondoka kwa kishindo kwenda nyuma yake na kupiga bati la jiko la shule. Mpishi akatoka na mwiko kutafuta mwenye adabu mbaya.

“Unachelewa kuachia, mzee,” Kazimili alisema kwa heshima. Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia mrakibu bila kuulizwa.

“Nimeona.”

“Hoja yako lakini ni nzuri,” Deodata alimwambia Gaudence, akimrudishia koti. “Mtu anaweza kurusha kivivu. Lahajedwali halina uvivu. Mwalimu, acha kasi ya Kazimili. Ipandishe wewe mwenyewe mpaka donge lifike mia moja thelathini na nane. Kasi gani?”

Methusela alijaribu arobaini na tano. Hamsini. Alikuwa akibadili seli moja tu, na mistari zaidi ya mia moja ikamfuata. “Hamsini na tano,” alisema mwishowe. “Karibu kilometa mia mbili kwa saa. Na angalia, mkaguzi. Hata hivyo lingekaa hewani karibu sekunde sita, na lingeshuka kwa pembe kali zaidi.”

“Kali kiasi gani?”

“Kama paa la nyumba ya nyasi. Zaidi.”

Deodata alisimama pale na daftari wazi, kisha akaandika kitu kimoja, akakipigia mstari. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

“Turudi kituoni,” alisema. “Afande, vielelezo viko kabati gani?”

Kituoni, Tecla, mjane wa Juvenali, alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile la asubuhi, upande wa pili, mbali na Kwandu kadiri benchi lilivyoruhusu. Alikuwa amekuja kuliona gari likimchukua muuaji wa mumewe. Deodata alimwamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Linafika saa ngapi?”

“Saa tisa. Mama, nisaidie jambo moja kabla ya hapo.” Alimwingiza ofisini na kuiweka mezani kofia ya ukindu, pana, yenye doa la damu kwa ndani upande wa kushoto. “Marehemu alikuwa anaivaaje hii?”

Tecla aliishika kwa mikono miwili. Ilimchukua muda. “Aliivuta mpaka kwenye nyusi,” alisema. “Bonde lile jua lake halina huruma. Nilikuwa namwambia utaparamia mti.”

“Nisamehe, mama, naomba univishe.”

Tecla alimvalisha, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Deodata alichukua penseli na kumwita Gaudence. “Afande, njoo na donge lako kutoka juu. Pembe ya paa la nyasi. Lenga panja.”

Gaudence alishusha penseli. Ncha ikagonga ukingo wa kofia. Akaisogeza. Ikagonga tena. Alijaribu upande huu na upande ule, na kila mara ukingo wa ukindu ulitangulia.

“Donge linaloweza kuua mtu,” Deodata alisema, “lingeupasua ukingo huu kama karatasi. Angalia mwenyewe. Hakuna uzi uliokatika. Donge lilipita chini ya ukingo. Lilikuja limelala.”

Gaudence alishusha mkono. Alikalia ukingo wa meza.

“Linalokuja limelala,” alisema mrakibu polepole, “limetoka karibu.”

“Nilimpigia mwalimu njiani. Kwa kasi zile zile, chini ya mita hamsini. Na katika mpunga unaofika kiunoni, anayerusha lazima apande juu ya kitu.” Deodata akatandaza karatasi ya Gaudence iliyochorwa kwa rula. “Mchoro wako ni mzuri sana, afande. Ndani ya mita hamsini kutoka kwenye msalaba, kuna kitu kimoja tu cha kupanda.”

Gaudence alikiangalia kidole chake mwenyewe kikitua kwenye duara. “Mita arobaini na mbili,” alisoma. “Lakini huyu ni shahidi wangu!”

“Na tumsikilize kama shahidi.”

Wiston alifika saa saba na nusu, shati jeupe limepigwa pasi, mkulima wa makamo ambaye babu yake alizikwa Rwakabanga. Alisalimiwa, akapewa kiti kizuri.

“Shikamoo, mzee Wiston.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa kuna kusaini.”

“Kuna jambo dogo kabla ya kusaini. Katika maelezo yako umesema, ‘Nilimwona Kazimili akiachia kombeo, na sikuwahi hata kupiga kelele, Juvenali akaanguka.’ Ni kweli?”

“Kweli tupu.”

“Mahakamani watauliza muda. Nataka wasikuyumbishe. Fumba macho, ione siku ile. Piga kofi moja kombeo linapoachia, na la pili Juvenali anapoanguka.”

Wiston alifumba macho. Kofi. Kofi.

Deodata aliangalia saa ya simu. “Tena, mzee.”

Kofi. Kofi.

“Mara ya mwisho.”

Kofi. Kofi. Hakusita hata mara moja. Alikuwa mtu anayekiona kile anachokisema.

“Sekunde moja na nukta tatu,” Deodata alisoma. “Moja na nukta mbili. Moja na nukta tatu. Una kumbukumbu nzuri sana, mzee.”

“Mungu amenijalia.”

“Afande,” alisema bila kugeuka, “donge la kutoka kwenye dungu la Kazimili, likirushwa hata na jini, linakaa hewani muda gani?”

Gaudence alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha shahidi wake. Alinyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wa Wiston na kuanza kukunja vidole kimoja kimoja, taratibu, kwa sauti nzito ya gwaride.

“Moja.”

Wiston alitabasamu.

“Mbili.”

Tabasamu likabaki peke yake, macho yameondoka.

“Tatu. Nne.”

Nje kuku alikuwa akilia.

“Tano. Sita,” alisema Gaudence. “Hapo ndipo Juvenali angeanguka. Makofi yako hayakufika hata mbili.”

“Na donge linalokwenda mita arobaini na mbili,” Deodata akaendelea, “linachukua sekunde moja na nukta tatu. Hukudanganya muda, mzee Wiston. Makofi yako ni ya kweli. Umedanganya tu mahali donge lilipotoka.”

Wiston alifungua mdomo. “Aliinuka...”

“Ngoja.” Deodata aliinua kiganja. “Kuanzia sasa husemi kama shahidi. Hulazimiki kusema lolote, na lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Unaweza kumwita ndugu au wakili. Umenielewa?”

“Nimeelewa.” Alikuwa amezeeka katika muda wa vidole sita. “Andika. Alikuwa ameinama anapalilia. Kwelea walitua mbele yake, wengi, kama blanketi. Nikaachia. Naye akainuka. Aliinuka tu, mwanangu. Sikuwa na ugomvi na Juvenali.”

“Najua. Kwa nini hukusema?”

“Watu walikuja mbio. Mmoja akasema, ni yule Msukuma, juzi walitukanana. Sikusema mimi. Mimi niliitikia.”

“Ukaitikia mpaka kwenye karatasi ya polisi.”

“Yule ni mtu wa kuja,” Wiston alisema kwa sauti ndogo.

“Kazimili amelima bonde lile miaka kumi na tisa,” alisema Gaudence. Alisema kwa ukali kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayejikemea mwenyewe. “Weka sahihi kila ukurasa.”

Gari lilifika saa tisa kasoro dakika tano. Dereva alishuka na fomu mkononi, akauliza mahabusu wa mauaji yuko wapi.

“Hayupo,” Gaudence alimwambia. “Kuna wa kuua bila kukusudia na kutoa maelezo ya uongo, na huyo hajamaliza kuandikwa. Kunywa chai.”

Kisha akaichukua karatasi yake ya rula, akaikagua mara ya mwisho, na badala ya kuichana akaandika juu yake kwa herufi kubwa: BILA HEWA. Akaitoboa, akaipachika kwenye jalada nyuma ya michoro ya Methusela, mmoja baada ya mwingine, ule wa upinde na ule wa kuchoka.

“Wakili wa serikali aone tulikotoka,” alisema. “Deodata, kafungue wewe. Umezistahili funguo.”

Deodata alifungua mahabusu. Kazimili alitoka akiwa ameshika viatu mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia avae. Alipofika barazani, Kwandu alipiga kigelegele kimoja kilichowainua kunguru kwenye paa, akakikata katikati: Tecla alikuwa amesimama.

Mjane alikuwa ameambiwa na Deodata robo saa nyuma, yote, bila kupunguziwa. Alimwendea Kazimili mpaka wakatazamana.

“Jana tumemzika Juvenali,” alisema. “Wewe hukuwepo.”

“Nilikuwa ndani, mama.”

“Najua. Mimi ndiye niliyepiga kelele ukamatwe. Nilikuita muuaji mbele ya wanao.” Sauti yake ilipasuka kidogo, akaiunganisha. “Kesho tunamaliza msiba. Nataka watu wote walionisikia waje wakuone umekaa kwangu. Wewe na wanaume mbele, mkeo na sisi jikoni. Naye si mgeni.”

Barazani kulikuwa na askari wanne, dereva na kikombe chake, Methusela aliyekuja mbio na kompyuta kwapani, na nusu ya kidato cha tatu iliyomfuata bila ruhusa.

Kazimili aliinama, akavaa viatu, akafunga kamba zote mbili vizuri. Akaangalia jua.

“Kwa nini kesho, mama?” alisema. “Twende leo.”

Wakashuka ngazi za mbele wakiwa watatu, Kwandu katikati, na safari hii kigelegele hakukikata mtu.